Porsche 911 na Lancia Stratos: wababe wawili wa Ulaya waliokuja Safari Rally wakarudi bila kombe

Kabureta Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi mmoja wa magari ya zamani watu walibishana kati ya Porsche 911 na Lancia Stratos ipi kali, ubishi ukafika kwenye matusi na uzi ukafungwa. Naleta mada upya, kwa utulivu. Ni ndefu. Wa haraka arudi kwenye nyuzi za Vitz na IST, hatutamlaumu.

Wabishi wa juzi walipimana kwa vipeperushi tu: hii ina nguvu hii, ile ina kasi ile. Hakuna aliyekumbuka kwamba magari haya mawili yalikuja hapa kwetu kwenye mbio za Safari Rally, yakala vumbi na tope letu, na yote mawili yakapigwa. Na kati ya waliowapiga alikuwemo yule yule wa taksi zetu, Peugeot 504. Hapo ndipo mimi naanzia.

Kwanza nasaba zao.

911 ya Wajerumani, Porsche, ilioneshwa kwenye maonyesho ya Frankfurt Septemba 1963, na jina lake lilikuwa 901. Peugeot wakaja juu: namba tatu zenye sifuri katikati ni haki yetu Ufaransa. Ndiyo maana wao wana 404, 504 na ndugu zake. Porsche hawakutaka kesi, wakang'oa sifuri wakaweka moja. Naomba mshike hapo kwenye Peugeot, tutarudi. Umbo lilichorwa na Ferdinand Alexander Porsche, mjukuu wa mwanzilishi, na magari yakaanza kutoka kiwandani mwaka 1964. Injini iko nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, silinda sita zimelala tatu kwa tatu, lita 2.0, nguvu ya farasi 130, inapozwa kwa hewa. Viti vinne, ingawa vile vya nyuma ni vya watoto au vya mtu mnayemchukia.

Stratos ina hadithi ya kichaa zaidi. Mwaka 1970 kwenye maonyesho ya Torino, Italia, kampuni ya Bertone ilitoa kitu kinaitwa Stratos Zero, kazi ya Marcello Gandini, huyo huyo wa Lamborghini Miura na Countach. Kimo chake sentimita 84. Meza yako ya kulia chakula haipishani nacho sana. Unaingilia mbele, unafungua kioo cha mbele kama mfuniko wa sufuria. Nuccio Bertone alipoenda nayo kwa Lancia kuwauzia wazo, alifika getini akapita chini ya kizuizi bila kusubiri kifunguliwe. Mlinzi alifanya nini, hadithi haisemi.

Lancia walikuwa na mtu wa mashindano, Cesare Fiorio, aliyekuwa anatafuta gari la kurithi gari lao la rali, Fulvia. Kilichozaliwa ni Stratos HF: injini ya V6 (silinda sita, tatu kila upande) ya lita 2.4 kutoka Ferrari Dino, imelazwa kwa upana nyuma ya mgongo wa dereva, farasi 190 kwa gari la barabarani, uzito chini kidogo ya kilo 1,000, bodi ya faibaglasi. Kioo cha mbele kimepinda kama nusu ya pipa. Milangoni kuna mifuko mikubwa iliyokatwa kwa kipimo cha kofia ya dereva wa mbio. Fikiria mtu anayechora mlango wa gari kwa kuwaza kofia! Zilitengenezwa pungufu ya 500, na zile za barabarani zilikuwepo ili sheria za mashindano zitimie tu.

Kwa hiyo 911 ni gari la mtu aliyetaka kwenda kazini na Jumapili akashindane. Stratos ni gari la mashindano lililolazimishwa kuvaa namba za usajili. Wanaosema "zote ni spoti kar tu" hawajakaa wakalifikiria hilo.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote: umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. 911 za mwanzo zilikuwa na milimita 2,211. Injini nzito mkiani, gari fupi, matokeo yake ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona mkia unakupita unakusalimia. Porsche wenyewe wakaona hapana, na kwa magari ya mwaka 1969 wakasogeza magurudumu ya nyuma, ikawa 2,268. Miaka michache baadaye Lancia wanaleta Stratos na kuipa 2,180. Yaani wamekwenda kuwa wafupi kuliko ile 911 ambayo wenyewe Wajerumani waliikimbia! Na walikusudia. Walitaka gari linalogeuka kama mbuzi kwenye vichochoro vya milima ya Ulaya. Kwa kulinganisha, Vitz ya kwanza ina 2,370.

Kwenye lami na barafu za Ulaya hesabu hiyo ililipa. Stratos ilipata kibali cha kushindana Oktoba 1974, na mwezi huo huo Sandro Munari akashinda rali ya Sanremo. Lancia wakachukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji 1974, 1975 na 1976. Rali ya Monte Carlo wakashinda 1975, 1976 na 1977, zote Munari.

Halafu wakaja kwetu.

Safari Rally ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ikawa inafanyika Pasaka, msimu wa mvua, kwa hiyo asubuhi unakula vumbi na jioni uko kwenye tope hadi kwenye vioo. Hakukuwa na kufunga barabara. Ng'ombe, lori la mahindi, basi la abiria, wote mnapishana nao. Ni maelfu ya kilomita, si zile mbio za kilomita ishirini halafu mnapumzika hotelini. Mbulu na Usambara zilikuwa zinatajwa Ulaya na watu ambao hawakujua ziko upande gani wa ramani.

Porsche walianza kuisaka mapema. 1972 Mpoland Sobiesław Zasada akashika nafasi ya pili, nyuma ya Hannu Mikkola wa Ford Escort. 1974 Björn Waldegård wa Sweden alikuwa na 911 na ushindi ulikuwa unaonekana, saspenshini ikamwangusha, akamaliza wa pili nyuma ya Joginder Singh na Mitsubishi Lancer. 1978 wakaja na hasira: 911 SC mbili zenye rangi za mdhamini wao Martini, injini lita 3.0, farasi 250, tumbo limeinuliwa sentimita 28 kutoka ardhini, bampa la mabomba mbele. Mkenya Vic Preston Jr akawa wa pili. Waldegård wa nne.

Stratos wao 1975 walimaliza wa pili (Munari) na wa tatu (Waldegård, ndiyo, aliendesha kila kitu huyu). 1976 Mitsubishi Lancer zikachukua nafasi zote tatu za juu. 1977 Munari wa tatu.

Basi. Hakuna hata moja iliyoshinda.

Na nani alishinda 1975? Ove Andersson, Peugeot 504. Nani alishinda 1978? Jean-Pierre Nicolas, Peugeot 504. Aliyewanyang'anya sifuri yao 1964 akaja kuwanyang'anya na kombe. Mbaya zaidi, Nicolas huyo huyo miezi miwili kabla alikuwa ameshinda Monte Carlo 1978 akiwa ndani ya... Porsche 911.

Msimamo wangu: 911 ndilo gari bora kati ya haya mawili, na Stratos ndilo gari kubwa (kwa sifa, si kwa umbo). Nitaeleza nikiulizwa. Karibuni.

---

Mwana wa Kericho

Mkuu umeandika vizuri lakini Joginder umempitia juu juu sana. Huyo ni mtoto wa kwetu, amezaliwa Kericho. Watu walimwita Simba. Alishinda 1965 na Volvo PV544 ya mtumba, gari ambalo wenyewe Volvo walishalitumia na kuliacha. Tena 1974, tena 1976. Kwa hiyo ukisema "saspenshini ikamwangusha Waldegård" naona kama unamnyima Simba haki yake. Kutunza gari lisivunjike ndiyo Safari yenyewe. Aliyevunja amevunja.

Halafu mbona umeikwepa Datsun 240Z? Hiyo ni spoti kar, milango miwili, boneti ndefu, na imeshinda Safari mara mbili: Edgar Herrmann 1971 na Shekhar Mehta 1973. Kwa hiyo usitwambie spoti kar haziwezi barabara zetu. Za Ulaya ndizo zilizoshindwa.

---

Kabureta Mbili

Mwana wa Kericho, kwa Joginder napiga magoti, umenikamata.

Kwa 240Z una hoja, na inanisaidia mimi. 240Z ni gari la kawaida lililovaa nguo za spoti: injini mbele, silinda sita kwa mstari, fundi yeyote anaifungua, ndani nafasi ipo. Haijachorwa kwa ajili ya kichochoro cha Alps. Na kuna kitu kitamu: msoma ramani wa Mehta 1973 alikuwa Lofty Drews, na 1975 Lancia walimchukua huyo huyo akae na Munari ndani ya Stratos. Walinunua akili ya nyumbani, wakapata nafasi ya pili.

---

Dada Plagi

Nyie wanaume mnapima gari la ubingwa wa dunia kwa mbio moja za tope. Samahani lakini hiyo ni sawa na kumpima samaki kwa kupanda mti.

Stratos ilichukua mataji matatu mfululizo. 911 ina mangapi ya mashindano ya dunia ya rali? Na haikuuawa na mpinzani, iliuawa na mama yake mwenyewe. Fiat walikuwa wanamiliki Lancia, walitaka kuuza Fiat 131, wakahamishia fedha za mashindano huko. Hata baada ya kiwanda kuiacha, Bernard Darniche akaenda Monte Carlo 1979 na Stratos ya timu binafsi akashinda. Alimpita Waldegård kwa sekunde sita. Sita!

Kama gari linaachwa na mwenyewe na bado linashinda, mnataka nini tena?

---

Kabureta Mbili

Dada Plagi, naomba uhesabu nami Monte Carlo. Stratos: 75, 76, 77, 79. Nne. 911: Vic Elford 68, Waldegård 69 na 70, Nicolas 78. Nne. Sare. Tofauti ni kwamba moja ilichorwa kwa kazi hiyo na nyingine ilikuwa inafanya kazi hiyo kama kibarua cha ziada.

Mataji ya dunia sikupingi. Pale Stratos ni malkia. Ndiyo maana nikasema ni gari kubwa.

---

Njaa ya Mafuta

Tuacheni historia. Kwa hela ya IST mbili naweza kupata ipi?

---

Kabureta Mbili

Picha.

Stratos halisi ikipanda mnadani unazungumzia mamia ya maelfu ya dola. Nyingi unazoziona mitandaoni ni za kuigiza, Uingereza wanauza hadi vipande vyake unaunganisha mwenyewe gereji kwako. 911 ya kawaida ya miaka ya 70 na 80 ni nafuu kuliko hapo, ila ile Carrera RS 2.7 ya 1973 nayo usiiote.

---

Fundi wa Mkwajuni

Mimi ni fundi, sijagusa Stratos na sitadanganya. 911 za zamani nimewahi kufanya nazo kazi miaka mitatu, mteja mmoja Mzungu alikuwa nazo mbili. Niseme ya gereji.

911 ya zamani haina rejeta. Hakuna maji, hakuna hozi ya kupasuka, hakuna feni ya umeme ya kuzimika foleni. Feni yake inazungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Kwa nchi ya vumbi hiyo ni nusu ya vita. Lakini mafuta yake ya injini ni mengi, yana tangi lake pembeni, na unapima injini ikiwa inanguruma na imepata moto. Vijana wengi wanapima imezima, kijiti kinaonesha hakuna mafuta, wanaongeza, wanaongeza, halafu moshi mtaa mzima. Nimeshaona kwa macho. Si kiwanda kibaya, ni kutokusoma.

Vali zinarekebishwa kwa mkono, na ukiwa umelala chini mgongoni lazima uwe na subira. Mafuta yanavuja. Isipovuja ujue yameisha.

Sasa angalia picha za Stratos na kifuniko cha nyuma kimeinuliwa. Sehemu nzima ya nyuma inafunguka, raha tupu, giaboksi unaiona, shokapu unaiona. Lakini injini imelala kwa upana. Silinda tatu za nyuma unazifikia, tatu za mbele zimeelekea kwenye ukuta wa viti. Plagi za upande huo ni mkono wa mtoto au matusi. Na rejeta iko mbele, pale pale tope linapoanzia kuingia. Fundi akiniuliza nichague ya kufuata kwenye Safari kilomita elfu tano nikiwa na pikapu ya spea, nachagua 911 kabla hujamaliza swali.

---

Dada Plagi

Fundi umenigusa. Hapo kwenye plagi nimeelewa.

Lakini bado moyo uko Torino, kwa Stratos.

---

Msafiri wa Neckar

Salaam kutoka Stuttgart. Niko hapa miaka kumi na moja. Jumba la makumbusho la Porsche, Zuffenhausen, ni vituo vichache vya treni kutoka ninapokaa, na 911 ya Safari 1978 imo kwenye hazina yao. Nimeiona. Kitu kilichonishangaza si rangi wala taa, ni jinsi inavyosimama. Umezoea 911 iliyolala chini, hii imesimama kama imevaa viatu vya mvua. Mabomba mbele yanaonekana kama geti la zizi la ng'ombe.

Niwaongezee. Waliichukua ile hamu ya jangwa na tope wakaenda nayo mbali: 1984 René Metge akashinda Paris-Dakar na 911 yenye kuvuta magurudumu manne. Kwa hiyo Afrika kombe walilipata, ila upande mwingine.

---

Mwana wa Kericho

Na hata upande huu walilipata mwisho. Zile mbio za magari ya zamani, East African Safari Classic. Waldegård mwenyewe akarudi 2011, mzee tayari, akashinda na 911. Mwanawe Mathias ndiye aliyemsomea ramani. Mzee Waldegård alifariki miaka mitatu baadaye.

---

Kabureta Mbili

Hiyo nilikuwa naihifadhi kwa ajili ya mwisho, umeniwahi. Miaka 37 tangu ile ya 1974.

Lakini mwaona ninachosema? 2011 gari la miaka ya 70 linarudi kwenye barabara ile ile na kushinda. Spea zipo. Mafundi wapo. Kiwanda hakijaachana na 911 tangu 1964. Stratos ilikuwa ni mshumaa uliowashwa ncha zote mbili na vijana wachache wa Torino, na nusu ya uzuri wake ni kwamba ilizimika mapema. Ningepewa ufunguo mmoja tu wa kuishi nao, 911. Ningepewa bango moja la kubandika ukutani, Stratos, ile nyeupe yenye mkanda wa kijani na nyekundu wa shirika la ndege la Alitalia. Sioni aibu kusema hivyo.

---

Chuma cha Pua

Mwanzisha uzi unaweka mguu huku na huku. Chagua.

---

Kabureta Mbili

Nimechagua mkuu, soma tena. 911.

---

Mzee Tingatinga

Wanangu, nilikuwa nasoma kimya.

Pasaka ya 1978 nilikuwa na miaka tisa. Baba alitupakia wote, mama, sisi wanne, na mtungi wa chai, akatupeleka kusimama kando ya barabara ya udongo kusubiri magari. Mvua ilikuwa inanyesha kama imelipwa. Porsche unaisikia kabla hujaiona, sauti ya chuma kikavu, kama mtu anapasua turubai refu sana. Ikatokea kwenye kona, matope yakaruka, mama akapoteza kilemba chake. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Nililia ilipopita kwa sababu iliisha haraka.

Baba hakusema kitu. Alikuwa anasubiri Peugeot. Gari letu lilikuwa 504, nyeupe, ile ile tuliyojazana ndani yake. Redio ilipotangaza mshindi, baba alitoka nje usiku akaiosha. Kwenye mvua. Na ndoo.

---

Chuma cha Pua

Mzee, heshima yako, lakini ile iliyoshinda ilikuwa 504 Coupé, injini V6. Haifanani kabisa na 504 ya kawaida ya familia.

---

Mzee Tingatinga

Najua, mwanangu. Kaka yangu mkubwa naye alijua, akamwambia baba usiku ule ule. Ndiye aliyemalizia kuiosha.